Eti bila gurudumu huwezi kusokota uzi?

Watu bado wanaambiana eti kama huna gurudumu la kusokotea huwezi kupata uzi wa maana wa kufumia, jamani si kweli. Gurudumu lilifika Ulaya karne ya 13 hivi, kabla ya hapo nyuzi zote za nguo, blanketi, hadi matanga ya sufu ya meli za Waviking zilisokotwa kwa kijiti chenye kisahani cha uzito, unakizungusha kikining'inia na msokoto unapanda kwenye sufu. Gurudumu linaongeza spidi, basi. Mimi nikifundisha naanza na kijiti, maana unaweza kukisimamisha ukavuta sufu taratibu, ila gurudumu ukizidisha kukanyaga pedali yake tu uzi umeshajikunja wote (inakera hiyo!).