RAM Kuingia kwenye Sloti Si Ushahidi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliniletea kompyuta mpakato ya HP EliteBook 840 G1 yenye skrini nyeusi tii, taa ya Caps Lock ikipepesa, na akaniapia kwamba RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) aliyoinunua Kariakoo haina tatizo lolote kwa sababu, "fundi, imeingia yenyewe, hata sikuilazimisha." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno mwaka huu, kwa hiyo ninaijibu hapa kwa maandishi ili mteja atakayefuata nimtumie makala hii, nami nipumzishe sauti.

Kuingia kunathibitisha kizazi cha RAM tu, yaani DDR2, DDR3 au DDR4. Kwa kompyuta mpakato, DDR2 ina pini 200, DDR3 ina 204, DDR4 ina 260, na mkato ulio kwenye ukingo wa kila kizazi umewekwa mahali pake, kwa hiyo huwezi kukosea vizazi labda uwe na nyundo. Tatizo liko ndani ya DDR3 yenyewe. Mwaka 2010 ilitolewa DDR3L, inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5, nayo ikabaki na pini zile zile 204 na mkato pale pale. Kwa macho ni mapacha.

Ila si mapacha. Kipande cha DDR3L kimeundwa kuvumilia hata volti 1.5, ndiyo maana ukikiweka kwenye ThinkPad T430, ambayo ni mashine ya kizazi cha tatu cha Intel Core, kinafanya kazi bila manung'uniko. Kipande cha DDR3 ya kawaida hakina uvumilivu huo kwa upande wa pili: kiwango chake kinataka umeme usioshuka chini ya volti 1.425, ilhali mashine kama 840 G1, ThinkPad X240 au Latitude E7440, zote za kizazi cha nne cha Intel Core, zimetengenezwa kwa RAM ya 1.35. Umemkaribisha mgeni mezani na kumpa nusu sahani, kisha unashangaa kwa nini hanyanyuki.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo vitabu hulipita kimya. Nimewahi kuona kipande cha volti 1.5 kikiwaka ndani ya mashine ya 1.35 na kufanya kazi kwa wiki kadhaa, na hicho ndicho kinachonikera zaidi, kwa sababu mwenye mashine ile alikwenda kuwatangazia wenzake kwamba mafundi tunatisha watu bure. Alirudi mashine ikiwa inaganda kila mchana joto linapopanda. Vilevile nimekutana na mashine mbili tatu za kizazi cha kwanza cha Core i zilizokataa kipande cha DDR3L kilichokuwa kinafanya kazi vizuri kwingine, kinyume kabisa na nilivyoeleza hapo juu. Hata hivyo, kwa mwenye bajeti ndogo asiyejua mashine yake inataka ipi, ushauri wangu haubadiliki: nunua yenye L.

Utaitambuaje? Soma stika, wala usisome uso wa muuzaji. Stika ikisema 4GB 1Rx8 PC3L-12800S, herufi L ndiyo unayoitafuta, na S ya mwisho inamaanisha ni ya kompyuta mpakato. Stika ikiwa imechanika, tafuta namba ya kipande: kwa RAM nyingi za Samsung za kasi hiyo ya 12800, namba inayoishia na YK0 ni ya 1.35 na inayoishia na CK0 ni ya 1.5. Ukishaiwasha mashine, programu ya CPU-Z itakuonyesha kwenye ukurasa wa SPD kipande chenyewe kinajitambulisha vipi, maana stika hubandikwa na kubanduliwa.

Kuhusu hiyo 12800 ya kwenye stika, tafadhali. Hiyo si kasi nyingine iliyo juu ya 1600, namba ambayo vipande vingine huandikwa kama kasi yake. Ni 1600 ile ile ikizidishwa kwa baiti 8, kama vile 10600 ilivyo 1333. Nimeona vipande viwili vinavyofanana vikiuzwa kwa bei mbili tofauti kwenye kaunta moja kwa sababu kimoja kimeandikwa 1600 na kingine 12800, na mteja akachagua cha bei kubwa kwa furaha. Isitoshe, ukiweka ya 1600 kwenye mashine inayoishia 1333, itatembea kwa 1333.

Kiwango cha juu cha GB ambacho mashine inapokea nitakipita haraka. Karatasi ya mtengenezaji si msahafu: Apple iliandika 8GB kwa MacBook Pro za 2011, nazo hupokea 16GB. Kinyume chake, ThinkPad T440s ina 4GB zilizolehemiwa kwenye madabodi na sloti moja tu, na X240 ina sloti moja basi, kwa hiyo ukinunua vipande viwili vya 4GB kimoja kitabaki mfukoni. Fungua mfuniko kwanza, hesabu sloti, ndipo utoe pesa.

Na wanaosisitiza kwamba lazima vipande viwe pacha, yaani vya ukubwa mmoja? Nilikuwa mmoja wao, siku hizi nina mashaka. Ukiwa na 4GB na ukaongeza 8GB, Intel huoanisha 4 kwa 4 na kuziacha 4 zilizobaki zitembee peke yake. Kwa mtu anayefungua kivinjari chenye kurasa 20, 12GB zisizo pacha zinamfaa kuliko 8GB zilizo pacha.

Vipande vya yule kijana nilivijaribu kwenye T430 iliyokuwa mezani, vikawaka papo hapo: vilikuwa vizima, ila vya volti 1.5. Alivirudisha dukani, na kwa kuwa stika hazikuwa zimeguswa muuzaji alimbadilishia vya PC3L, ingawa alimwambia kwamba fundi wako anapenda kusumbua watu.