Je, wajua ni kwa nini tumbo la mtoto huuma asubuhi za shule tu?

Mtoto wa miaka minane anaamka Jumatatu akiwa amelishika tumbo. Anapimwa joto, homa haipo. Anaachwa nyumbani, na ilipofika saa nne tayari yuko sakafuni akipanga magari yake kana kwamba hakuna lililotokea. Jumamosi na Jumapili tumbo halikumsumbua. Hali hiyo ikijirudia kwa wiki ya tatu, wakubwa huanza kubishana: mmoja anasema mtoto anadeka, mwingine anasema ni minyoo. Huenda wote wawili wamekosea, kwa sababu maumivu hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa ilhali chanzo chake ni hofu.

Utumbo una mtandao wake wa neva unaowasiliana na ubongo muda wote. Mtu anapoogopa, mwili hutoa homoni za kujihami, moyo huenda mbio, misuli hukaza na mwendo wa chakula tumboni hubadilika. Mtu mzima huweza kusema, “Nina wasiwasi.” Mtoto ambaye bado hana maneno ya kulitaja jambo hilo husema anachokihisi, yaani tumbo, kichwa au miguu. Kumwambia kwamba anajisingizia ni kumfundisha kunyamaza.

Hata hivyo, si kila hofu inahitaji mtaalamu. Mtoto wa mwaka mmoja anayelia mama akitoka chumbani anakua kama inavyotakiwa, na anayeogopa giza akiwa na miaka minne hana tatizo lolote. Ndiyo maana nadhani kumlinganisha mtoto na mwenzake wa jirani hakusaidii sana; mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi michache iliyopita. Aliyekuwa mwongeaji amekuwa bubu mezani? Aliyelala peke yake kwa miaka miwili sasa hawezi kufumba macho bila mtu kando yake?

Badiliko hilo ndilo la kwanza la kutazama; la pili ni muda. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani unataka dalili za sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo, ziwe zimedumu angalau wiki 2, na hofu ya kutengana na wazazi, kwa watoto, angalau wiki 4. Mwongozo huohuo unakiri jambo ambalo wazazi wengi hulikosa: sonona ya mtoto si lazima ionekane kama huzuni. Inaweza kuonekana kama hasira, mtoto akifoka kwa kitu kidogo, akapigana, akaitwa mtundu na kuadhibiwa, wakati ndani yake hakuna kinachomfurahisha tena.

La tatu, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi, ni kile ambacho hali hiyo imemnyang'anya: usingizi, hamu ya kula, marafiki, masomo, na hasa mchezo. Mtoto aliyeacha kucheza anastahili kuangaliwa upesi kuliko aliyeshuka alama darasani. Hata mchezo wenyewe husema. Baada ya ajali au msiba, mtoto anaweza kuigiza tukio lilelile mara kwa mara, kwa namna ileile, bila furaha yoyote.

Kituo cha kwanza kiwe kwa daktari wa kawaida. Mtoto aliyekaa miezi 6 au zaidi bila kukojoa kitandani kisha akaanza tena huenda ana mfadhaiko, lakini pia huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, au choo kigumu tu. Asiyesikiliza darasani huenda hasikii vizuri. Jambo moja halisubiri wiki 2 wala miadi ya kawaida: mtoto anayejijeruhi, au anayesema anataka kufa, atafutiwe msaada siku hiyohiyo. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo.

Tiba yenyewe haifanani na mahojiano. Kwa wadogo, mwanasaikolojia huketi nao na wanasesere, rangi na karatasi, kwa kuwa mchezo ndio lugha wanayoimudu. Kwa wakubwa kidogo, hujifunza kuikabili hofu hatua kwa hatua, na mara nyingi mzazi hufundishwa pamoja nao.

Kabla ya miadi, daftari dogo litasaidia kuliko kumbukumbu: siku, saa, kilichouma, kilichotangulia, kilichofuata. Katika daftari la yule mtoto wa miaka minane, tumbo linaweza kuonekana limeuma Jumatatu na Alhamisi peke yake, na ratiba ya darasa ikionyesha kwamba hizo ndizo siku ambazo kila mwanafunzi husimama mbele ya wenzake na kusoma kwa sauti.