Umevua gwanda, afande bado ni afande: yale watu wanayoyakosea kuhusu saluti na heshima

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya kila siku, saluti na heshima, wanadhani ni kitu kimoja. Basi mwanajeshi mmoja akishavaa jinzi na tisheti anaona saluti hamna kwa hiyo na heshima nayo imeenda likizo, mwingine anaona heshima bado ipo kwa hiyo lazima apige saluti hata kwenye foleni ya supamaketi. Wote wamepotea ila huyu wa pili ndo anachekesha zaidi, acha nianze naye.

Pata picha kijana katoka depo, yaani mafunzo ya awali ya jeshi, juzi juzi, kipara bado kinang'aa, anasukuma toroli, anakunja kona mara uso kwa uso na kamanda wa kikosi chake, kamanda kavaa kaptula na ndala, kwapani pakiti la nepi. Kijana anabana visigino, toroli linaenda zake, mkono huo juu, "JAMBO AFANDE!" Duka zima linageuka. Kamanda anatamani ardhi ipasuke immeze yeye na nepi zake.

Sasa kanuni inasemaje? Kwanza inategemea na jeshi, na hapa ndo ubishi mwingi unapozaliwa. Jeshi la nchi kavu la Marekani linasema saluti si lazima pale mmoja wenu, awe wewe au mkubwa wako, yuko kiraia, yaani hajavaa sare. Haijakatazwa lakini hakuna wa kukuadhibu usipopiga. Uingereza wenyewe saluti inaenda na kofia ya sare, kichwa kikiwa wazi hupigi, unakaza mwili mikono chini na kumsalimia mkubwa wako kwa mdomo, na kama uko kiraia na umevaa kofia yako ya kawaida basi unaivua. Jeshi la majini la Marekani pamoja na wale Marine, askari wao wa kushambulia kutoka baharini, nao kwa kawaida bila kofia hawapigi, wakati wenzao wa nchi kavu na wa anga wanaweza kupiga vichwa wazi na isiwe kosa. Kwa hiyo ukiona mtu anakwambia "mimi nilifundishwa hivi" muulize kwanza alifundishwa wapi, maana wote mnaweza kuwa sahihi.

Halafu kuna suala la usalama ambalo watu wanalisahau kabisa. Kwenye uwanja wa vita saluti huwa haipigwi kwa sababu unamwonyesha adui mkubwa ni yupi pale, sasa na wewe unamtangaza kamanda wako mbele ya watu usiowajua wakati yeye kavaa kiraia makusudi apite kama raia wengine!

Kinachotakiwa ni kidogo tu. Toa mkono mfukoni, chomoa hizo spika za masikioni, simama vizuri, "habari za jioni afande", mpishe apite. Akitaka stori ataanza yeye. Akiwa na familia usimng'ang'anie kumweleza habari za ruhusa yako iliyokwama, hilo lina ofisi yake.

Haya turudi kwa yule wa kwanza, anayesema "hapa tuko mtaani, wewe mtu na mimi mtu". Huyu hachekeshi, huyu anajitafutia kesi. Cheo hakikai kwenye bega la shati, kiko kwenye barua ya kupandishwa cheo, na shati likiwa kwenye kamba ya kuanikia nguo barua bado iko palepale. Sheria ya kijeshi ya Marekani kifungu cha 89 kinahusu kumdharau ofisa aliyekuzidi cheo, na hakijali kama yeye yuko kazini au la, tena si lazima hata awepo pale uliposema. Ila kuna mambo mawili ya kukutetea: lazima uwe ulijua kuwa huyo ni mkubwa wako, kwa hiyo ukigombana na mtu usiyemfahamu baa halafu kesho ukamkuta ni meja hiyo ni bahati mbaya na si kosa la kifungu hicho, na maneno ya faragha kabisa kati ya watu wawili kwa kawaida hayafikishwi huko. Pia mkubwa mwenyewe akijishusha sana kwa mwenendo wake anaweza kupoteza ulinzi huo, sema usitegemee kuwa wewe ndo utakayeamua kwamba kajishusha.

Na grupu la WhatsApp la kikosi si faragha jamani. Dharau ya maandishi ni dharau vilevile, tena hii ina ushahidi wa skrinishoti.

Kingine, "niko kiraia kwa hiyo bendera nayo hainihusu". Inakuhusu, unasimama wima. Marekani zamani mwanajeshi aliyevaa kiraia alikuwa anaweka mkono kifuani kama raia yeyote, ila sheria zilizopita mwaka 2008 zikamruhusu yeye pamoja na maveterani kupiga saluti hata bila sare, kwanza kwa bendera halafu baadaye mwaka huohuo kwa wimbo wa taifa. Imeruhusiwa tu, haijalazimishwa.

Kuhusu rais kuvaa suti na kupigiwa saluti, hapo ni kwa sababu ni amiri jeshi mkuu, suti haihusiki. Yeye kurudisha saluti ndo hakuna sheria inayomlazimisha, Marekani mazoea hayo yalianza na rais Reagan mwaka 1981.

Mke wa kanali si kanali. Inatosha. Ingawa zamani kwenye kambi za Marekani magari ya maofisa yalikuwa na stika ya bluu kiooni, mlinzi wa geti akiiona tu anapiga saluti, na mara nyingi aliyekuwa kwenye usukani ni mama anatoka sokoni au kijana wa shule kaazima gari la baba, anarudisha saluti huku anacheka.

La mwisho ni gari, na hili halina sare wala kiraia. Wengi wanadhani mkubwa ndo anatangulia kila mahali, kumbe kwenye gari, na hata kwenye boti ndogo, mdogo anaingia kwanza, mkubwa anaingia mwisho, na kwenye kushuka mkubwa ndo wa kwanza. Kwa hiyo ukimwona koplo anajitosa ndani ya gari wakati kanali kasimama nje na kaptula yake anasubiri, usimshangae koplo.