Utetezi wa ulevi katika kesi ya mauaji

Wengi wakisikia mshtakiwa wa mauaji kajitetea kwamba alikuwa amelewa, hudhani anaomba huruma kwa sababu ya pombe. Sivyo. Anachosema ni kwamba wakati ule hakuwa na dhamira ya kuua, na pasipo dhamira hiyo kosa la mauaji ya kukusudia halikamiliki.

Basi mahakama haihesabu chupa, inatafuta mtu huyu alikusudia nini. Ndiyo maana mawakili hung'ang'ania mambo madogomadogo. Je, aliipita milango mitatu akagonga wa nne, wa marehemu? Alimwita kwa jina? Baadaye alifua shati na kukificha kisu? Mtu wa hivyo huenda aliyumba njia nzima, lakini kichwani alikuwa anapanga, na dhamira ya mlevi nayo ni dhamira. Aliyerusha ngumi gizani asijue hata anampiga nani, habari yake ni nyingine. Na kwa kawaida si mshtakiwa anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukusudia. Mzigo huo hubaki kwa upande wa mashtaka.

Hoja ikikubaliwa, haendi nyumbani. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza, ambako kesi ya Beard ya mwaka 1920, iliyohusu ulevi na dhamira, bado hutajwa, kosa hushuka na kuwa la kuua bila kukusudia, ambalo nalo lina kifungo kirefu. Aliyetiliwa kilevi kwenye kinywaji bila kujua, hata hakuelewa alitendalo, ndiye mwenye nafasi ya kuachiwa.

Anayekunywa ili apate moyo wa kuua haambulii kitu. Katika kesi ya Gallagher kutoka Ireland ya Kaskazini, iliyoamuliwa 1961, mume aliazimia kumuua mkewe, akanunua kisu na chupa ya wiski, akanywa, akaua. Alihesabiwa muuaji wa kukusudia, kwa kuwa azma ilitangulia pombe.

Si kila nchi inaukubali utetezi huu. Jimbo la Montana, Marekani, linakataza ulevi wa kujitakia usihesabiwe katika kupima dhamira, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliuruhusu msimamo huo mwaka 1996. Ujerumani wao wana njia ninayoiona ya werevu zaidi: aliyelewa kupita kiasi hata asiweze kuhukumiwa kwa kuua, huhukumiwa kwa kule kujilewesha kwenyewe, hadi miaka 5 jela.