Uli ni nini?

Katika lugha ya Waigbo wa kusini-mashariki mwa Nigeria, uli kwanza kabisa ni jina la maji yanayokamuliwa kutoka kwenye matunda ya mimea fulani, ambayo yakipakwa mwilini huonekana kwa shida, kisha baada ya saa kadhaa hukolea na kuwa meusi. Msomaji wa pwani anayeijua piko atanielewa upesi, kwa kuwa uli nayo hukaa kwenye ngozi kwa takriban juma moja kabla ya kufifia. Kutoka kwenye maji hayo jina limehamia kwenye michoro yenyewe, na hatimaye kwenye michoro ya ukutani, ingawa ukutani wachoraji hawakutumia maji hayo bali udongo wa rangi mbalimbali na mkaa.

Kazi hii ilikuwa ya wanawake. Walichorana miili kwa ajili ya ndoa na sherehe, na kuta za udongo walizipamba wakijua kwamba mvua itaziosha na kwamba watalazimika kuzichora upya. Alama zao walizichukua kwenye mambo ya kila siku: agwolagwo ni mviringo wa nyoka aliyejikunja, isi nwoji inatokana na kokwa ya kola anayokaribishwa nayo mgeni, na onwa ni mwezi.

Hata hivyo, anayekariri majina ya alama bado hajaifahamu uli, na hapa ndipo maelezo mengi yanapopotoka kwa kuifanya kuwa orodha ya mapambo. Kiini chake ni mstari na mahali palipoachwa wazi. Mchoraji hupitisha mstari mwembamba ambao hunenepa na kukonda kadiri mkono unavyokwenda, huongeza nukta mbili tatu, kisha sehemu kubwa ya ngozi au ya ukuta huiacha bila kuigusa, kwa sababu uwazi huo nao ni sehemu ya mchoro, na mchoro uliojazwa kila pembe, hata ukiwa na alama zote za Waigbo, unakuwa umeikosa uli.

Aliyeuingiza mstari huo katika sanaa ya kisasa ni Uche Okeke, aliyezaliwa mwaka 1933 na ambaye mama yake alikuwa mchoraji wa uli. Mwaka 1958, akiwa mwanafunzi wa sanaa huko Zaria ambako masomo yalifuata mitaala ya Uingereza, yeye na wenzake, miongoni mwao Demas Nwoko, Bruce Onobrakpeya na Yusuf Grillo, walianzisha chama chao cha sanaa. Mwaka 1960, Nigeria ilipopata uhuru, Okeke aliandika hoja aliyoiita Usanisi Asilia, yaani msanii achague kwa akili yake yaliyo bora katika urithi wake na katika mambo ya kigeni, bila kuiga upande wowote kwa upofu. Michoro yake ya wino ya mwaka 1962, iitwayo Oja, ndiyo naiona kuwa ushahidi bora wa hoja hiyo, kwa maana humo mistari michache iliyojikunja inatosha kuwa uso, mnyama au jani, na karatasi iliyobaki nyeupe inafanya kazi ileile iliyofanywa na ngozi.

Baada ya vita vya Biafra kumalizika mwaka 1970, Okeke alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, ambako uli ilifanywa somo la kuchunguzwa na kuendelezwa. Mwanafunzi wake Obiora Udechukwu aliutumia mstari huo kuchora watu wa kawaida na dhiki za maisha yao. Wakati huohuo, nyumba za saruji na mafundisho ya kanisa vilikuwa vimekwisha kuipunguza sana michoro ya mwilini na ukutani. Kwa hiyo leo mtu akitaja uli katika jumba la makumbusho, mara nyingi anamaanisha kazi za wanaume hawa wa chuo kikuu, ambao majina yao yameandikwa, ilhali wengi wa wanawake walioubuni mstari wenyewe hawakuandikwa popote.