Asiransi kalite haiko kontrole, na haiko ile karatasi ya ku ukuta

Siku ya posho yenye kupita nilikuwa mu sherehe ya kutoa ma breve kwa batoto benye kumaliza sudire, ile kazi ya kuunganisha vyuma kwa moto, huku kwetu Katuba, Lubumbashi, na papa promotere akasimama, akaonyesha agrema, ile ruhusa ya Leta, yenye iko mu kadri ku ukuta, akasema "bazazi, mulale salama, santre yetu iko na asiransi kalite". Bantu bakapiga makofi. Nimekwisha kusikia ile maneno mara mingi sana, mu mikutano ya bazazi, mu ma barua ya kuomba Leta feza, kila santre iko na asiransi kalite, na ukiuliza ni nini banakuonyesha karatasi ao banakuambia inspekteri alifika. Basi tuelewane.

Asiransi kalite, benzetu ba Tanzania banaita uhakikisho wa ubora, ni mambo yote yenye santre inapanga, inaandika na inafanya mbele ya mafunzo na wakati wa mafunzo, ili ule mwenye kulipa, ikuwe Leta, kampuni ao mama wa mutoto, akuwe na sababu ya kuamini kama mutoto atatoka anajua kazi. ISO 9000 ya 2015, kanuni ya dunia juu ya kalite, inasema karibu vile vile: ni sehemu yenye kuleta imani kama masharti ya kalite yatatimizwa. Yatatimizwa. Ni maneno ya kesho. Kontrole yenyewe inaangalia kitu chenye kimekwisha kufanyika.

Na hapa njo bantu banachanganya, kumbe neno yenyewe inajieleza. Kontrole ilitoka mu Kifaransa cha zamani, contre-rôle. Rôle ilikuwa karatasi ya kukunja yenye majina na hesabu, na contre-rôle ni karatasi ya pili, muntu mwingine anaiweka ili balinganishe kama wa kwanza hakuiba. Ni kusema kontrole tangu kuzaliwa kwake inaangalia nyuma, hesabu imekwisha kuandikwa, weye unatafuta tu kosa iko wapi. Asiransi iko na mizizi ingine, ndani yake muko Kilatini securus, se ni "bila", cura ni mahangaiko: kutosha muntu wasiwasi. Na Kiswahili chetu hakiko mbali, uhakikisho una hakika ndani yake, na hakika ni ndugu ya haki, zote mbili za Kiarabu. Shida ni kama siye batu ba Congo tulijulia ile neno ku motokari. Miaka na miaka asiransi ilikuwa paka Sonas, ile kampuni ya Leta, mpaka sheria ya 2015 ikafungua mulango kwa bengine, na ile karatasi ya ku kioo njo ilibakia mu vichwa vyetu: unalipa, unabandika, umemaliza. Lakini ile ya motokari inalipa kisha ajali. Ya kalite inatumika mbele ya ajali, na mutoto akitoka bila kujua kazi hakuna mwenye atamurudishia mama yake hata franga moja.

Mwipwa wangu alisoma sudire miezi sita, santre sitaitaja. Aliniletea vyuma viwili alivyounganisha siku ya egzame, kordo, ule mustari wa chuma chenye kiliyeyushwa pa kuunganisha, ilikuwa muzuri, inangaa, imelala sawa magamba ya samaki. Nikabana mu eto, nikapiga nyundo mara mbili, ikafunguka. Ndani kulikuwa mweusi, uchafu wa bageti, ile fimbo ya chuma yenye inayeyuka ukisudia, ulifungiwa mule na juu kukafunikwa. Nikamuuliza, mulikuwa ngapi ku posti moja, mashini moja ya kusudia? Akasema 22. Na bageti zilikuwa chini, ku simenti, mvua inapita chini ya mulango, wakati bageti ya namna ya 7018 inaomba kukaa pakavu, hata mu furu ya kukausha, juu ikinywa unyevu inaleta mipasuko. Juri haikusema bongo. Juri iliangalia kordo na macho, ikatoa pwe. Ile njo kontrole, na ilifanyika vizuri.

Bafundi bakubwa banajua kama sudire ni kazi yenye huwezi kuijua yote kwa kuiangalia mwisho, njo maana ISO 3834, kanuni ya dunia ya kalite mu sudire, inauliza mapema: nani anaunganisha, bageti inalala wapi, mashini inapimwa na nani. Mi naona kufundisha muntu ni vile vile kabisa. Breve ni kordo. Yenye iko ndani ilifanyika siku batoto 22 banasubiri posti moja, na hakuna inspekteri wa siku moja mwenye ataona ile.

Ufaransa baliandika jambo hii mu sheria ya tarehe 5 mwezi wa 9, 2018: tangu 1 Januari 2022 santre yenye inataka feza ya Leta ao ile ya mfuko wa kampuni kwa kufundisha, sharti ikuwe na Qualiopi, sertifika ya kalite ya santre za mafunzo, yenye vipimo 7 na mambo 32 ya kuangalia, kwa miaka 3, na mu katikati audita anarudia. Ku logo yao baliandika kama njia ya kazi njo imehakikishwa. Habakuandika kama wanafunzi bote ni mafundi, na hapo mi nabaheshimu. Kwetu INPP, ile santre ya Leta ya kufundisha kazi, iko tangu 1964 na kampuni zinaichangia kwa mishahara ya bafanyakazi, kwa hiyo mwenye kuuliza feza inafanya nini si muzazi peke yake.

Agrema ni kitu ingine tena, mu tumbo yake muko gré, kupendezwa, kukubali: Leta imekubali ufungue mulango. Ni kitu ya heshima, kuna bengi benye habana nayo. Papa promotere, iache ku ukuta, lakini iite agrema. Siku utaweka kaye yenye kuonyesha kila mutoto alishika posti masaa ngapi, bageti zililala wapi, formatere mwenyewe alisudia mara ya mwisho lini, na miezi sita kisha breve ukarudilia ku ma atelye kuuliza ba patro batoto banafanya nini, na yenye bamesema ukabadilisha mafunzo, ile siku simama tena mbele ya bazazi useme asiransi kalite, na mi nitakuwa mule ndani napiga makofi.