Je, wajua nchi yenye pesa zote zile ilisahau vipi kutengeneza bomu lake yenyewe?

Hii si porojo ya baraza. Miaka ya 2000 Marekani ilikuwa inakarabati vichwa vya nyuklia vinaitwa W76, vile vinavyokaa juu ya makombora ya Trident kwenye nyambizi za jeshi lao la majini. Ndani yake mna kitu jina lake Fogbank, kikoje hasa ni siri mpaka leo, sasa walipofika hapo wakakwama, manake hakuna aliyekumbuka kinavyotengenezwa. Hakikuibiwa, wala makaratasi hayakuungua. Walisahau tu!

Mimi nilipoisoma hii kitu nikamkumbuka mzee mmoja wa Matondoni, hapa Lamu, ambapo majahazi yanaundwa bila ramani. Nilikaa naye asubuhi moja pwani, mtoto anachonga taruma, ule ubavu wa jahazi, kwa tezo, mzee amekaa kivulini na kahawa yake, hata hajainuka. Mara akasema, "Hapo umekula sana." Yaani mtoto amechonga kupita kiasi, na mzee ameona kutoka alipokaa! Nikamuuliza, mzee wangu umejuaje, akanitazama kama nimeuliza maji ni nini, akaniambia, "Mwanangu, kwani wewe huoni?" Sikuona chochote. Alafu nikafikiria, huyu mzee ukimpa kalamu na daftari aandike yote anayoyajua ataandika ukurasa mmoja na nusu, na hizo kurasa hazitaunda hata mtumbwi.

Basi wale mainjinia wa siri ni hivyo hivyo, wana digrii lakini ujuzi wenyewe uko mkononi na machoni. Kiwanda cha Fogbank kiliacha kazi 1989, rekodi zilizobaki zilikuwa chache, na kufikia wakati wa kuihitaji tena karibu mafundi wote walishastaafu ama kuondoka. Wakaguzi wa serikali yao wenyewe waliyaandika haya 2009, wakasema kazi ilichelewa kama mwaka mzima na gharama ikaongezeka dola milioni 69.

Na usiri unazidisha, hapo ndipo watu wengi hawaoni. Matondoni mtoto anajifunza kwa kukaa tu karibu, anasikia wazee wakibishana, anacheka nao. Kwenye kazi za jeshi kila mtu anaambiwa kile kinachomhusu peke yake, wa meza ya pili hajui wa kwanza anafanya nini. Enzi za Los Alamos, ile maabara ya Marekani iliyounda bomu la kwanza la nyuklia, kuanzia 1943, Jenerali Groves, mkuu wa mradi huo jeshini, alitaka iwe hivyo kabisa, kila mmoja kwenye kichumba chake, Oppenheimer, mkurugenzi wa maabara, akashikilia lazima wanasayansi wakutane kila wiki waambiane wamefikia wapi. Mimi naona Oppenheimer alikuwa sawa, ukifungia ujuzi ndani ya mtu mmoja, siku akipewa pensheni anaondoka nao.

Waingereza pia yaliwakuta. Walikaa muda mrefu bila kubuni aina mpya ya nyambizi, walipoanza zile zinazoitwa Astute wakakuta mafundi wametawanyika, ikabidi waombe msaada kwa Wamarekani. Ndio maana saa hii nchi nyingine zinaagiza nyambizi ama meli hata kama haraka haipo, ili mikono isilale. Wengine wanampandisha fundi mshahara na cheo bila kumfanya bosi, manake ukimtoa kwenye mashine ukamweka ofisini asaini fomu za likizo umepoteza fundi na umepata bosi mbovu. Marekani nako, baada ya jaribio lao la mwisho la nyuklia 1992, wale wazee wa kubuni mabomu waliwekwa mbele ya kamera wakahojiwa wee.

Kamera inasaidia, sikatai. Lakini rudi kwa Fogbank uone ilivyoishia. Walijenga kiwanda kipya, wakafuata yale maandishi ya zamani hatua kwa hatua, na bado haikutoka sawa, wakaumiza kichwa miaka. Mwisho wakagundua malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani, na ule uchafu ndio uliokuwa unafanya kazi, na hii malighafi ya kisasa inasafishwa vizuri mno mpaka uchafu umekwisha. Wale wazee wenyewe hawakujua. Ungewahoji kwa kamera mwezi mzima wasingekwambia, watakwambiaje kitu ambacho hata wao hawakijui?

Baada ya hapo ule uchafu ukawa kitu cha kuangaliwa kwa makini, ili usipungue.